Yuniti Zisizo na Mwenyewe

Jumatatu, 2 Machi

Mhandisi wa sola amekuja saa tatu asubuhi amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, shambani, Machi. Nimempa jina hapohapo: Viatu. Amezunguka zizi, amepiga picha paa, ameniuliza paa linatazama upande gani kana kwamba yeye hana macho, kisha akanipa kazi. Nisome mita kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, mpaka mwisho wa Aprili.

"Mama, sola ya kuunganishwa na gridi haipangwi kwa kukisia. Nataka namba za siku sitini."

Haya, siku sitini nitaandika. Ila mimi sijazoea kuandika namba nikawaacha watu waliozisababisha, kwa hiyo daftari hili litabeba vyote viwili.

Mpango ni huu. Kiwanda kinachonunua maziwa yetu kimetangaza kwamba kuanzia Juni hakitapokea maziwa ambayo hayajapozwa shambani kwa tangi la kisasa. Tangi hilo linataka umeme mkubwa, wa fezi tatu. Mimi nina fezi moja, waya mwembamba kutoka nguzo ya barabarani, na ubao wa zamani wenye swichi kuu moja tu: uzime vyote au uwashe vyote. Nikivuta fezi tatu bila sola, bili itanimaliza. Kwa hiyo paneli zitakaa juu ya paa la zizi, mchana zilishe shamba, ziada irudi gridini, na mita mpya ihesabu kwenda na kurudi. Maombi yafike ofisi ya umeme kabla ya tarehe nane Mei. Yakichelewa, Juni namwaga maziwa.

Viatu ameuliza pia nani alitandaza laini ya umeme ya kwenda kwenye pampu ya kisimani. Nimemjibu fundi mwenye leseni. Akaandika kwenye fomu ya maombi. Mambo mengine hayamhusu.

Sasa hesabu. Wiki iliyopita nilipima kila mashine peke yake. Tangi dogo la kupozea, yuniti 14 kwa siku. Pampu 6. Mashine ya kukamulia 4. Ya kukatia majani 5. Nyumba na taa 5. Jumla 34. Mita inasema 38.

Yuniti nne hazina mwenyewe. Viatu hakuuliza ni za nani. Ameandika 38 akatabasamu. Lazima atabasamu, anauza paneli.

Walio karibu na umeme wangu ni wawili tu. Kaka yangu, ambaye baba alimpa tambarare ya barabarani na mimi akanipa mteremko ambao hata mbuzi wanaufikiria mara mbili. Nilimvutia umeme kutoka kwenye ubao wangu miaka mitatu, tukagombana, nikaukata, sasa ana mita yake. Anasema. Na mkamuaji wangu. Kama kuna anayenila, kabla masika hayajaisha atakuwa ametoka getini kwangu moja kwa moja.

Jumatano, 4 Machi

Mita 38. Zisizo na mwenyewe, 4. Maziwa lita 178. Mkamuaji kachelewa dakika sita.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Viatu kapiga simu kuuliza namba. Haraka ya nini?

Jumamosi, 14 Machi

Mvua siku ya tatu mfululizo. Mita 39. Zisizo na mwenyewe, 5. Maziwa 171.

Nimemuuliza mkamuaji lita saba zimekwenda wapi. Huyu yuko nami mwaka wa kumi na moja. Alikuja nikiwa na ng'ombe watatu, sasa ninao kumi na wanne, na sijawahi kumhesabia chai wala sukari. Amejibu akiwa amechuchumaa, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe.

"Hawanywi maji, mama."

"Hodhi limejaa mpaka linamwagika."

"Limejaa. Wanalamba, wanaruka nyuma. Huyu wa pembe moja tangu jana hajalisogelea."

"Maji yana nini?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. Yeye ni kandambili masika na kiangazi. "Yanauma."

"Maji yanauma."

"Yanauma, mama. Kama siafu, ila kwa ndani."

Nikaenda na buti zangu za mpira mpaka hodhini, nikazamisha mkono hadi kiwiko mbele yake. Maji safi, baridi. "Haya, yameniuma wapi? Nionyeshe nipake dawa." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekosa pa kushika. Sijalipenda. Mtu haanzi kutafuta sababu za ajabu mpaka awe na jambo linalotaka sababu.

Kuanzia leo napima ndoo mwenyewe.

Jumapili, 22 Machi

Leo nimefanya jaribio. Saa sita mchana nimezima kila kitu, kimoja kimoja, kwa mkono wangu. Tangi, taa, mashine zote, friji. Pampu nimeshuka mpaka kisimani nikaizima kwenye swichi yake. Nikarudi kwenye mita. Kile kitaa chekundu kinachopepesa kila umeme unapopita kilikuwa kinapepesa, taratibu, kama mtu anayenikonyeza.

Shamba lote limekufa na mita inahesabu! Nikainua macho: ng'ambo ya uzio, redio ya Kaka inaimba.

Nimekwenda uzioni. Kaka alikuwa kibarazani, miguu juu ya stuli.

"Karibu, Kikokotoo," akasema. Hilo ndilo jina aliloniita tangu darasa la tatu, na siku hizi hata wanaochukua maziwa wameliokota. "Leo unahesabu mawingu?"

"Redio yako inakula umeme wa nani?"

"Wa betri, mdogo wangu. Betri nne. Njoo uzitoe uzionje."

"Na jokofu?"

"Jokofu linakula wa kwangu. Ile laini yako uliikata kwa panga mbele ya mke wangu, umesahau? Tukalala na samaki wabichi."

"Inaweza kuwepo nyingine. Chini kwa chini."

Akashusha miguu. "Sikiliza. Baba alinipa tambarare, sikumwomba. Umeinuka kwa nguvu zako, kila mtu anakusifu, hata mimi nakusifu nikiwa peke yangu. Sasa unadhani nitachimba handaki mita mia moja ili nikuibie umeme wa kupigia pasi?"

Amejibu vizuri mno. Asiye na kosa hujikwaa kidogo anapojibu.

Jumatano, 25 Machi

Mvua kubwa. Mita 42. Zisizo na mwenyewe, 8. Maziwa 160.

Ijumaa, 27 Machi

42. 158.

Jumatatu, 30 Machi

Viatu amekuja na mchoro wa kwanza. Kila paneli anaihesabia yuniti mbili kwa siku. Kwa mita ya 42, paneli ishirini na moja. "Ikiendelea kupanda hivi, mama, tutafika ishirini na tatu."

"Shamba langu linakula 34. Nataka kumi na saba."

"Mita haidanganyi."

"Sijasema mita."

Akanitazama, akaona afadhali aendelee na mchoro. Nikamuuliza umeme wa gridi ukikatika, sola yangu itaendelea?

"Hapana. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa jua, inajizima yenyewe, ili umeme wako usirudi kwenye nguzo ukamuua fundi aliyepanda kurekebisha."

"Kwa hiyo jua kali, paneli ziko juu, na mimi niko gizani."

"Bila betri, ndiyo."

"Na betri anauza nani?"

"Nauza mimi." Akacheka. "Lakini sijakwambia ununue. Bakiza jenereta yako ya kulinda tangi, inatosha."

Muuzaji anayenikataza kununua. Hapo ndipo nimemwogopa zaidi. Anajenga uaminifu kwenye betri ili aje auvune kwenye paneli.

Alhamisi, 2 Aprili

Mita 43. Maziwa 149. Wa pembe moja anakonda.

Alhamisi, 9 Aprili

Niandike yote kwa mpangilio, nisije nikaambiwa nilikurupuka.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa dirishani. Manyunyu. Nikamwona mkamuaji anasukuma baiskeli kutoka zizini kwangu, madumu mawili yamefungwa nyuma na kufunikwa gunia. Hakuelekea barabarani. Alikata kushoto, akaingia geti la Kaka. Geti lilikuwa wazi, kama la mtu anayesubiriwa.

Basi. Wiki tano nimeandika namba mbili zinazonikimbia, yuniti upande mmoja na maziwa upande wa pili, na asubuhi moja zote mbili zimeingia geti lilelile. Nilikaa kitandani. Nitasema ukweli: sikukasirika kwanza. Kwanza niliona raha, ile ya hesabu iliyogoma halafu ikakubali.

Saa moja lori la kiwanda linasimama barabarani, wafugaji wote tuko pale na makopo yetu, watu kama ishirini. Mkamuaji akaja na baiskeli, madumu yake matupu, akaanza kupakia makopo yangu kama kawaida.

"Weka chini," nikamwambia. "Asubuhi ulipeleka nini kwa kaka yangu?"

"Sikupeleka, mama. Nilikwenda kuchota."

"Kuchota nini?"

"Maji. Ya ng'ombe. Ya kule hayaumi."

Watu wakacheka. Dereva wa lori akasema, "Jamani, kumbe maji yana meno?" Wakacheka tena. Mkamuaji naye akatabasamu, akidhani mimi nitasema neno la kumtoa hapo.

Nikafungua dumu moja, nikalinusa. Maji. Nikasema kwa sauti ya kufika mwisho wa mstari: dumu la maziwa likishaoshwa litanuka nini kama si maji? Nikasema Machi nilikuwa na lita 178, jana 148, ng'ombe walewale, majani yaleyale. Nikasema huyu ni mwizi wa maziwa, na yeyote atakayemwajiri asije kunililia.

Mkamuaji alifungua kamba ya makopo yangu kwenye baiskeli yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kopo. Halafu akasema, "Wa pembe moja mumnyweshe kwa ndoo ya plastiki, mama. Ya plastiki anakunywa." Akaondoka.

Kaka alikuja jioni, hakukaa. "Nilimpa maji mimi. Bomba langu, wiki ya pili hii. Umekosea hesabu, Kikokotoo."

"Lazima umtetee. Mmegawana."

"Tumegawana nini, maji?" Akasema jambo lililonichoma kuliko matusi: "Siku hizi nikikuona unakuja, najipapasa mifuko nione nimekuibia nini."

Ijumaa, 10 Aprili

Nimekamua mwenyewe. Lita 131. Vidole vimevimba. Ng'ombe wamemzoea yule, watanizoea na mimi.

Jumapili, 12 Aprili

129. Nimempa wa pembe moja maji kwa ndoo ya plastiki. Kamaliza ndoo tatu. Sijui kwa nini nimeandika hili.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua wiki nzima, njia ya kisimani imekuwa mto. Mita 45. Zisizo na mwenyewe, 11. Maziwa 126.

Kuna kitu hakikai sawa. Mwizi wa maziwa ameondoka siku tisa zilizopita. Ndoo nashika mimi, kopo nafunga mimi. Maziwa yangepaswa kupanda, yameshuka lita ishirini na mbili. Labda nimeanza kujiibia mwenyewe usingizini.

Jumanne, 21 Aprili

Jua siku ya tatu. 43. Maziwa 130.

Ijumaa, 24 Aprili

Jua. Mita 41. Zisizo na mwenyewe, 7. Maziwa 139. Sijafanya lolote. Sijamkamata mtu, sijabadili majani.

Jumapili, 26 Aprili

Nimekaa mezani tangu asubuhi na karatasi kubwa ya mistari. Mimi hupima mvua kila siku kwa chupa iliyokatwa shingo, mazoea ya miaka, siyo kwa ajili ya Viatu. Leo nimeweka safu tatu pamoja: mvua, yuniti zilizopotea, maziwa.

Mvua ikipanda, yuniti zinapanda. Mvua ikikatika, siku mbili baadaye yuniti zinashuka. Na maziwa yanakwenda kinyume, hatua kwa hatua. Nimerudia mara tatu nikitafuta siku moja ya kuharibu mpangilio. Haipo, isipokuwa tarehe kumi Aprili, maziwa yalipoanguka lita kumi na saba kwa siku moja. Siku ambayo ng'ombe hawakuletewa maji ya Kaka.

Mwizi gani anaiba kwa kufuata mvua?

Nimempigia Viatu. Nilipomsomea safu zile akauliza polepole: "Mama, ile laini ya kisimani. Nani hasa aliitandaza?"

Nikasema: mimi.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua imerudi. Viatu amefika saa mbili.

Nimemwambia yote. Mwaka ule nilikuwa na ng'ombe mmoja na ndoo mbili, nachota maji kwa kichwa kutoka bondeni. Fundi alitaka bei ya ng'ombe mwenyewe. Nikaokoteza vipande vitatu vya waya vilivyobaki kwenye majengo nilikokuwa nikiwapikia mafundi chai, nikachimba mtaro kwa jembe siku nne, nikaunganisha kwa tepu nyeusi na kufukia. Pampu ilipowaka nilipiga kelele peke yangu. Miaka kumi na miwili nimejisifia kwamba hakuna aliyeniwekea hata waya mmoja. Kwenye fomu nilimwandikisha Viatu fundi mwenye leseni kwa sababu ningeandika ukweli wangenikatalia.

Hakunihubiria. Aliniomba nivue buti.

"Za nini?"

"Vua, mama. Simama kwenye matope, mguu mtupu. Ila kwanza nipime."

Akagusisha ncha moja ya kipimo chake kwenye hodhi la chuma, nyingine kwenye matope. Volti kumi na saba. "Hii haikuui," akasema. "Leo. Gusa kwa kidole."

Nikagusa. Ilipanda mpaka kwenye bega. Kama siafu, ila kwa ndani.

Ng'ombe ana kwato nne kwenye matope yale na mdomo ndani ya maji yale. Mkamuaji alikuwa na kandambili zilizolowa. Mimi peke yangu, miaka yote, nilikuwa juu ya mpira.

Tukazima swichi kuu, Viatu akaitoa laini ya kisimani pande zote mbili, akaipima: imeoza, inavuja. Ndiyo maana siku ile ya jaribio mita iliendelea kupepesa: nilizima pampu kisimani, lakini waya wote kutoka ubaoni mpaka kule ulibaki na moto, unavujia ardhini karibu na bomba la hodhi. Tukachimba pale majani yalipokuwa yamenyauka. Yeye ndani ya mtaro na viatu vyake vyeupe, matope magotini. Kiungo cha pili kilikuwa wazi kabisa, tepu imechambuka, shaba imeota kijani.

"Yuniti kumi na moja," nikasema. "Paneli sita. Nilikuwa nanunua paneli sita za kulisha matope."

"Na mimi nilikuwa nakuuzia," akasema. "Niliona inapanda na mvua, nikadhani mnakata majani mengi zaidi. Sikuuliza." Akajifuta uso, akazidi kujipaka. "Ningefunga fezi tatu juu ya hii, mama, mvua ya mwakani ingeua mtu."

Jumanne, 28 Aprili

Laini ya kisimani imekatwa. Jenereta inavuta maji kwa muda, hodhi limejaa. Ng'ombe kumi na wanne wamekunywa mpaka nikaogopa watapasuka.

Kwa saa ishirini na nne bila pampu, mita 28. Ishirini na nane na sita, thelathini na nne. Zisizo na mwenyewe, hakuna.

Alhamisi, 30 Aprili

Fomu mpya imepelekwa. Fezi tatu, ubao mpya wenye swichi ya kila laini, waya wa kushusha umeme ardhini, laini ya kisimani mpya kabisa kwa mkono wa fundi ambaye leseni yake nimeiona kwa macho, nimeipiga na picha. Paneli kumi na saba. Karani akasoma, akasema mbona mmepunguza, watu huongeza. Maziwa 152.

Jumamosi, 2 Mei

Nimekwenda kwa mkamuaji. Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga, chumba kimoja na veranda. Nilimkuta anashona kandambili. Mke wake alinipa stuli, akaingia ndani bila kusalimu.

Nilimweleza laini, volti, safu tatu. Nimezoea watu wakishangaa namba zangu. Yeye alisubiri nimalize.

"Kwa hiyo yalikuwa yanauma," akasema.

"Yalikuwa yanauma."

"Sawa."

"Rudi kazini. Nitaongeza."

"Nimezunguka kwa wafugaji tisa, mama. Wote wananiuliza swali moja. Hata mwenye ng'ombe mmoja, anasema atakamua mwenyewe." Alikata uzi kwa meno. "Ulisema pale barabarani, saa moja, watu wote wapo. Sasa umekuja kusema hapa, uani kwangu, tuko watatu na kuku."

"Unataka nini?"

"Si unajua hesabu wewe?"

Njiani nilitafuta kila namna. Nimwandikie barua ya sifa. Nimwambie mmoja mmoja. Nimtume Kaka. Kila namna ilikuwa nafuu kwangu, na kila moja ilibakiza deni upande uleule.

Jumatatu, 4 Mei

Saa moja kasoro dakika tano nilikuwa barabarani. Mkamuaji, niliyemtumia neno aje, alisimama ng'ambo, na baiskeli yake. Kaka naye alikuwepo, na yeye hana hata mbuzi. Sikuuliza amefuata nini. Lori likaja. Nikangoja dereva ashuke, maana naye alicheka.

Nikasema: tarehe tisa mwezi uliopita nilimwita mtu huyu mwizi, mahali hapa. Hakuiba. Maji yangu yalikuwa na umeme, na waya wa umeme huo niliufukia mimi, kwa mikono yangu, kwa tepu. Alinieleza, nikamcheka. Aliwachotea ng'ombe wangu maji kwa baiskeli yake, bila kulipwa hata shukrani, nikamfukuza kwa hilo. Mwenye kosa ni mimi.

Nilidhani itachukua muda mrefu. Haikufika dakika. Hakuna aliyecheka. Dereva alianza kupakia makopo bila kunitazama.

Kisha mfugaji wa kule juu, mwenye ng'ombe ishirini na wawili, mtu ambaye miaka yote tunashindana lita kwa lita, akavuka barabara.

"Wewe ndiye uliyejua maji yana umeme kwa mguu tu?"

"Ndiyo," mkamuaji akasema.

"Unaanza lini?"

Mkamuaji alinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alitazama kama anavyotazama kiwele kilichokwisha, kuhakikisha hakijabaki na kitu.

"Leo," akasema.

Wakapakia baiskeli kwenye pikapu. Kaka akanibebea makopo matupu ya jana mpaka getini, hakusema neno, na mara hii sikujiuliza ananyamazia nini. Nilipofungua zizi, ng'ombe wote kumi na wanne waligeuza shingo. Walinitazama mimi, kisha wakatazama nyuma yangu.